Kidole Gumba Hakidanganyi

Alinifumania saa moja asubuhi nikiwa na mwanamume mwingine masikioni.

Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye stoo yangu, mgongo nimeuegemeza kwenye spika kuukuu, hedifoni zimenibana kichwa, machozi yanateremka mpaka kidevuni. Mlango sikuusikia. Nilichoona ni miguu miwili peku mbele yangu, na nilipoinua macho nikamkuta amesimama, daftari mkononi, ananitazama kama mtu aliyemkuta mkewe gesti.

Nikazivua hedifoni haraka. Kumbe ndiyo nikaharibu zaidi. Sauti ikavuja kutoka kwenye zile hedifoni, ndogo, ya mbali, lakini hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile akaikosea. Ilikuwa yake mwenyewe, ya miaka kumi na mitano iliyopita.

Acha nikueleze tulivyofika hapo, maana najua maneno juu yetu ni mengi.

Huko nje wanamwita Ngurumo. Mwaka wa thelathini na nne huu anaimba roki, ile roki nzito ya magitaa yanayolia mpaka meno yanawasha. Alianza watu wakisema hizo ni kelele za vichaa, akaendelea mpaka watoto wa waliomcheka wakawa wanapanga foleni kumwona. Nimeona madereva wa malori wakilia kwenye maonyesho yake. Nimeona wauguzi waliotoka zamu moja kwa moja, viatu vyeupe bado miguuni. Na wale mashabiki wa tangu zamani, wazee wenzangu wenye vitambi, wanakuja na fulana nyeusi za enzi zile ambazo sasa zinakomea kitovuni, na hakuna anayeona haya. Wote wanangoja wimbo wa mwisho, ule ukelele wake mmoja wa sekunde kumi na nne bila kupumua. Nimeupima kwa saa, najua.

Mimi ni fundi wake wa sauti. Yeye huniita Fundi tu, na siku hizi hata mama yangu mzazi ananiita hivyo. Kazi yangu ni kukaa nyuma kabisa ya ukumbi na mashine yangu ya vitufe, kuhakikisha kila aliyekuja anamsikia. Mwimbaji akiwa jukwaani hajisikii kama watu wanavyomsikia. Ngoma ziko mgongoni, gitaa liko ubavuni, anaimba kama mtu aliye ndani ya pipa. Kwa hiyo kabla ya kila onyesho, ukumbi ukiwa mtupu, Ngurumo huimba mstari mmoja, kisha hunyamaza na kunitazama. Nami kule nyuma humwonyesha kidole gumba. Kikiwa juu, nzuri. Kikiwa chini, mbaya. Basi.

Miaka ishirini na miwili, kidole hicho hakijawahi kumdanganya. Kuna siku watu walikuwa wanagonga milango kwa mateke, mwenye ukumbi amenipigia magoti, "Dada yangu, inua tu hicho kidole, utatuua!" Sikuinua. Ngurumo akakaa juu ya sanduku, akanywa maji, akangoja saa nzima mpaka nikaridhika. Hakuuliza hata swali.

Mapenzi yetu yalikuja kwa kuchelewa, kama maji ya bomba. Mkewe alikuwa amefariki miaka tisa kabla ya hapo. Mimi nilishaachika nikasahau. Tulipogundua tunapendana, yeye alikuwa na hamsini na nane, mimi hamsini na moja, na sote wawili tuliona aibu kama watoto wa shule.

Kisha uvimbe ukaonekana kwenye nyuzi zake za sauti.

Siku ya upasuaji nilimshika mkono mpaka mlango ule ambao ndugu hawavuki. Walipoanza kumsukuma akageuza kichwa. "Fundi," akasema, "nikitoka humo, nikuoe?" Mlango ukafungwa kabla sijajibu. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Baada ya hapo daktari aliamuru siku kumi na mbili za kimya. Asiseme, asinong'one, asikohoe kwa nguvu. Kwake mashabiki walikuwa wamejaa getini, wakiimba usiku na mchana eti wanamfariji, basi nikamleta kwangu.

Asubuhi hiyo ya stoo ilikuwa ya kumi na tatu. Saa nne alitakiwa kliniki, akafungue mdomo.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu anaandika. Huyu mtu anaandika kama anavyoimba, herufi kubwa tupu. Hata akiomba chumvi unaona kama anakutisha.

UNAMLILIA MAREHEMU?

"Marehemu gani? Usiniletee uchuro asubuhi yote hii."

Akanyoosha kidole kwenye hedifoni.

"Nilikuwa nasikiliza tu. Hivi kusikiliza nako ni kosa?"

MTU HASIKILIZI MUZIKI HUKU ANALIA NDANI YA STOO.

"Wengine tunasikiliza hivyo hivyo. Kila mtu na mtindo wake."

Hakucheka. Kwa kawaida hucheka kwa mabega. 

"Unadhani nilikuwa nasikiliza nyimbo?" nikamwambia. "Haya, sikiliza na wewe."

Nikachomoa waya wa hedifoni, nikachomeka kwenye spika. Kila onyesho huwa ninarekodi maiki yake peke yake, hiyo ni kawaida ya kazi. Lakini hakuna aliyejua kwamba kutoka kwenye rekodi zile nilikuwa nimekatakata vipande visivyo na wimbo, vya katikati, pale anapofuta jasho na maiki bado iko wazi. Nikaviunga kwa miaka.

"Fundi, nipandishe kidogo," stoo ikasema.

"Fundi, umekula leo?"

"Fundi, upo?"

"Mbona sikuoni? Fundi, upo?"

Ilikuwa sauti yake ile ya kifuani, nene, inayofanya glasi zitetemeke kabatini. Miaka ishirini na miwili ananiuliza kama nipo. Na mimi kila mara nilikuwepo.

Nilitegemea atanikumbatia. Loo! Alizima spika kwa kiganja kama anayeua mbu, akakaa juu ya sanduku, akaandika.

HUYO NDIYE UNAYEMPENDA. NA HUYO HARUDI.

"Nani kasema harudi? Daktari kasema tusubiri leo."

NINAHISI. NDANI PAMEKUWA PATUPU.

"Hata kama." Nikapiga magoti mbele yake. "Nakupenda hata ukibaki bubu. Nakupenda hata ukibweka."

Akapangusa macho. Kisha akafungua kurasa nyuma, mpaka ukurasa wa siku ya kwanza aliyozinduka, ambao niliujua kwa moyo. LILE SWALI NIMELIONDOA, ulisema. SAUTI IKIRUDI, NALO LITARUDI. ISIPORUDI NAENDA KWETU KWA DADA YANGU. Chini yake sasa akaongeza:

TANGU NILAZWE KILA MTU ANANIPA UONGO MTAMU. NITAJUAJE KAMA WAKO SI HURUMA? SIWEZI KUOA HURUMA.

Nikainuka, nikaanza kukunja waya wa hedifoni. 

Simu ikaniokoa. Mama.

"Huyo mzee wako wa kelele bado yupo hapo?"

"Yupo mama. Ila siku hizi hana kelele."

"Basi sasa ndiyo anafaa kwa ndoa," mama akasema, akakata.

Mwaka mzima mama alikuwa amempinga. Mtu anayepiga kelele kazini, alisema, nyumbani atakuwaje? Na siku anayokubali ndiyo siku mwenyewe ameshafungasha. Nilipopita chumbani niliona begi lake kitandani, zipu imefungwa.

Saa tatu gari likapiga honi. Alikuwa binti wa Ngurumo, ambaye pia ndiye meneja wake, msichana wa miaka thelathini mwenye simu tatu na usingizi usiomtosha mtu mmoja. Tangu ajue habari zetu aliacha kuniita mama mdogo akahamia kwenye Anti, tena Anti ya kukata na kisu. Baba yake alipoingia kuoga, akanifuata jikoni na kufunga mlango.

"Anti, nataka kukuomba kitu."

"Sema."

"Leo akiongea atakutazama wewe. Unajua."

"Najua."

"Inua kidole."

Nikaweka kikombe chini. "Kama sauti ni nzuri nitainua."

"Hata kama si nzuri." Sauti yake ikapasuka. "Hukuwepo nyumbani mama alipofariki, wewe. Baba alikaa chumbani miezi minane. Nilikuwa namsukumia sahani kwa chini ya pazia kama mfungwa. Kilichomtoa ni jukwaa. Leo akiambiwa jukwaa limekwisha, nitampata wapi baba yangu?"

"Atajua tu, mwanangu. Atajisikia mwenyewe."

"Hajawahi kujisikia mwenyewe! Anakusikia wewe!" Akafuta machozi kwa nguvu, kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Tamasha la kurudi nimeshalitangaza. Watu wanahesabu siku. Daktari alisema sauti huwa inaendelea kupona kwa miezi. Mpe hiyo miezi akiwa na moyo. Kidole kimoja tu, Anti. Ukifanya hivyo, na lile jambo lenu mimi sina neno. Nitakaa mstari wa mbele, nitapiga na vigelegele."

Akatoka. Nikabaki nimeshika sinki kwa mikono miwili. Msichana hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililonitisha. Kidole kikiwa juu, nina mume, nina binti, na yeye ana matumaini. Kikiwa chini, begi lile linapanda gari.

Nje ya kliniki walikuwa wamejaa. Fulana nyeusi kila upande, kimya, kwa sababu waliambiwa mgonjwa anahitaji kimya, na hujaona kitu cha kutisha kama mashabiki mia mbili wa roki walionyamaza. Bibi mmoja mwenye mvi tupu aliinua ngumi juu tulipopita. Mlinzi wa mlangoni akavua kofia.

"Mzee," akanong'ona, "wimbo wako ndio niliowalelea wanangu. Walikuwa hawalali bila ule ukelele."

Ngurumo akamshika bega. Mkono wake mwingine ulikuwa mkononi mwangu, baridi kama chuma. Nikambana vidole. Hakunibana.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kutoa habari za kila aina. Akaingiza kioo kooni, akachungulia, akachungulia tena. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia maji yanatembea kwenye bomba ndani ya ukuta. Hiyo ndiyo adhabu ya masikio yangu, nikiogopa nasikia kila kitu.

"Kidonda kimefunga," daktari akasema. "Leo nakupa maneno matatu. Matatu tu, hata ukifurahi vipi. Taratibu, bila kusukuma."

Binti akamshika baba yake mkono. Mimi nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Hakuna aliyenituma. Ndipo mahali pangu, nyuma kabisa.

Akavuta pumzi. Pumzi hiyo niliijua, ile ya kabla ya wimbo wa kwanza, nikaona jasho linamtoka kwenye paji la uso. Nikasema moyoni, ewe Mola, mpe. Kama kuna kitu ulitaka kunipa mimi, mpe yeye.

"Fundi."

Hivyo tu.

Mavumo ya chini yalikuwa yamekwenda. Kile kifua chote, ile ngurumo iliyompa jina, hakikuwepo. Yale ya juu nayo yalikuwa yamekwenda. Kilichobaki ni uzi mwembamba katikati, umejaa upepo, kama mlango wa kabati unaofunguliwa polepole mtu asiamshwe. Nimesikiliza sauti maisha yangu yote, na nilijua kwa neno moja ninachokijua mpaka leo: ukelele ule hautarudi. Si kwa mwezi, si kwa mwaka.

"Imerudi!" binti akapiga makofi, machozi na kicheko pamoja. "Baba, imerudi! Si mmesikia?"

"Ni mwanzo," daktari akasema kwa uangalifu. "Tuseme ni mwanzo."

Yeye hakumtazama binti. Hakumtazama daktari. Aligeuka na kiti, akaangalia nyuma ya chumba, kwangu, akanyanyua nyusi zake mbili kama alivyofanya kwenye kila ukumbi tuliowahi kuingia.

Fundi, vipi?

Niwe mkweli kwako wewe unayesoma. Kidole kilitaka kupanda. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Niliuona mlango wa nyumba yangu umefungwa na yeye yuko nje. Nilimwona binti nyuma yake, viganja vimekutana kifuani, ananiomba kwa midomo bila sauti, Anti, tafadhali, tafadhali. Nilijua ningeweza kusema uongo huo mmoja tu maishani, na kila mtu chumbani mle angenishukuru.

Lakini nikakumbuka kwenye zile rekodi anavyoniuliza kama nipo. Miaka yote ile alipouliza, alikuwa anauliza hili. Nikiinua leo, hatakuwa na mtu nyuma ya ukumbi tena. Atazungukwa na makofi mpaka afe, asijue hata moja la kweli.

Nikanyoosha mkono.  Nikageuza kidole chini.

"Una roho gani wewe!" binti akalia. "Una roho gani!"

Daktari akainamisha kichwa kwenye makaratasi yake.

Ngurumo alishusha nyusi. Kisha uso ukaanza kumvunjika, midomo, mashavu, macho, akajifunika kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemuua. Nilishika kitasa cha mlango nikimbie, maana kuna mambo mtu hawezi kuyaona akaishi. Mabega yaliendelea kutikisika, yanapanda na kushuka, na mimi nikiwa nimeshika kitasa nikatambua ninachokiona.

Hucheka kwa mabega.

Alitoa viganja usoni. Alikuwa analia pia, sikudanganyi, machozi yalikuwa yanamlowesha ndevu. Alimvuta binti yake kwa mkono mmoja, akamlaza kichwa begani kwake, akampapasa mgongo kama mtoto aliyeota ndoto mbaya. Lakini macho yalikuwa kwangu.

"Asante," akasema, kwa ule uzi wake.

"La pili hilo," daktari akakumbusha. "Limebaki moja, mzee. Litunze."

Akachukua daftari magotini. Nikadhani anataka kuandika. Akafungua ukurasa wa siku ya kwanza, ule wa lile swali na ile huruma, akauchana polepole, akaukunja mara mbili na kumkabidhi daktari, ambaye hakujua aufanyie nini akautia mfukoni.

Kisha akavuta pumzi. Nikaona anavyoogopa. Sijawahi kumwona anaogopa hivyo, hata mbele ya watu elfu thelathini. Binti aliinua kichwa kumtazama baba yake, akanitazama mimi, akaziba mdomo kwa mkono.

"Nikuoe?"

Lilitoka vibaya sana. Lilikwaruza mwanzoni, likakatika katikati, herufi ya mwisho karibu isisikike. Kama ni jukwaani ningesimamisha kila kitu.

"Yametimia," daktari akasema kwa sauti ndogo.

  Huko nje mtu alianza kuimba ule wimbo wa mwisho, mwingine akamnyamazisha. Yeye alikuwa bado ananingoja, nyusi juu, uso umelowa.

Nikaachia kitasa cha mlango. Nikauinua mkono mpaka juu ya kichwa, ili hata mtu wa jukwaa la mbali auone, na kidole gumba kikasimama.